Madini yakizidi kwa kondoo: mwongozo kamili wa kuokoa ini na figo zisiharibiwe na shaba

Jumamosi jioni dume langu la kondoo, aina ya Dorper, alikuwa anagombania pumba na wenzake kama kawaida, manyoya yanang'aa, mgongo umejaa, ukimwangalia unasema huyu sokoni hakosi bei. Jumapili nikampakia kwenye kirikuu pamoja na majike mawili kuwapeleka kwa baba mdogo Sanya Juu, safari yenyewe haifiki hata masaa mawili. Jumanne asubuhi baba mdogo akapiga simu, "Mwanangu, huyu dume wako anakojoa damu, alafu macho yamekuwa ya njano kama amepakwa binzari." Jumatano mchana akafa.

Sisi wote tukasema ni kupe. Tukaogesha kundi lote, tukachoma sindano za oksitetra, ile antibayotiki, ambazo hazikuhitajika. Mpaka daktari wa mifugo alipokuja kupasua ndo akauliza swali moja tu: "Mmekuwa mnawalisha nini?" Nikamwambia ni chakula cha nguruwe wadogo, kuna duka la pembejeo lilikuwa linamaliza magunia yake kwa nusu bei na muuzaji aliniambia chakula ni chakula, mnyama atakula tu. Magunia tisa, kondoo tisa, miezi minne. Daktari akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ni shaba hiyo. Umemlimbikizia mwenyewe."

Naandika haya kwa urefu maana najua wafugaji wengi wa kondoo wanafanya nilichofanya mimi, tena kwa nia nzuri kabisa, na mnyama anazidi kunawiri mpaka wiki ya mwisho. Ukisubiri uone dalili umeshachelewa kwa miezi. Kazi yote iko kwenye gunia na kwenye daftari, mapema, mnyama akiwa bado anacheza.

HATUA YA 1: Elewa kwanza shaba inaenda wapi ikishamezwa

Shaba yenyewe sio adui. Bila shaba damu haitengenezwi vizuri, manyoya yanapoteza rangi, na mwanakondoo anaweza kuzaliwa miguu ya nyuma haina nguvu, akisimama anayumba. Kondoo anahitaji kama miligramu 5 hadi 10 kwenye kila kilo ya chakula kikavu. Shida ni kwamba kwa kondoo, kiwango kinachomtosha na kiwango kinachomuua vimekaa jirani sana. Ukifika miligramu 15 hadi 20 kwa kilo, ukaendelea hivyo kwa muda mrefu, na malisho yako yakawa na molibdenamu kidogo (ni madini mengine ya kwenye udongo na nyasi yanayoizuia shaba), tayari uko pabaya. Nguruwe mdogo anapewa mara kumi ya hiyo makusudi ili akue haraka na wala hadhuriki.

Kwanini kondoo? Ng'ombe, mbuzi na nguruwe, ini likipata shaba nyingi linaisukuma kwenye nyongo, nyongo inashuka utumbo, inatoka na kinyesi. Ini la kondoo linapokea vizuri tu ila kutoa ndo kazi, inatoka kidogo kidogo mno. Inayobaki inafungiwa ndani ya chembe za ini, leo, kesho, keshokutwa, yaani ni kama kibubu, unatumbukiza kila siku na tundu la kutolea hamna, ukitaka kutoa ni mpaka ukivunje. Wakati wote huo mnyama anakula, anacheua, anapanda majike, hamna dalili yoyote ya macho.

Kibubu kinavunjwa na msukosuko. Safari, njaa ya siku moja mbili, mimba kubwa, kuzaa, kukimbizwa na mbwa, mvua ya baridi ya usiku kucha, kubadilishiwa chakula ghafla. Kwangu mimi ilikuwa ile kirikuu. Chembe za ini zinakufa kwa wingi, shaba yote inamwagika kwenye damu kwa mkupuo, na ikifika kwenye damu inazipasua chembe nyekundu. Ile rangi nyekundu iliyokuwa ndani ya chembe inabaki inaelea kwenye maji ya damu, inachujwa na figo, ndo maana mkojo unakuwa mwekundu mweusi. Figo nazo hazijaumbwa kuchuja kitu hicho, vijimfereji vyake vinaziba, vinakufa. Bandama linajaa mabaki ya chembe zilizopasuka, linavimba. Damu iliyobaki haibebi hewa vizuri, inageuka kahawia, mnyama anahema juu juu amesimama tu. Kwahiyo ini, damu, figo, bandama, vyote vinaanguka ndani ya siku moja au mbili kwa mzigo uliopakiwa miezi.

Kuna kitu kimoja cha kuongezea hapa maana kitarudi kwenye tiba. Kwenye tumbo la kwanza la kondoo, molibdenamu na salfa zinaungana alafu zinaikamata shaba isiingie mwilini. Ndo maana wafugaji wawili wanaweza kulisha kitu kile kile, mmoja akapoteza kondoo mwingine asipoteze, udongo na nyasi zao hazilingani. Wataalamu wanataka shaba iwe kama mara 6 hadi 10 ya molibdenamu, ikizidi mara 10 hatari inapanda hata kama shaba yenyewe kwenye lebo inaonekana ya kawaida.

HATUA YA 2: Andika kila kinachoingia mdomoni kwa kondoo

Chukua daftari, kaa bandani siku nzima kuanzia asubuhi. Sio unachodhani wanakula, andika wanachokula kweli, pamoja na kile wanacholamba na kile wanachoiba. Mimi nilipofanya hivi nilishangaa, maana mbali na lile gunia kulikuwa na vitu vingine vitatu ambavyo sikuwahi kuvihesabu.

Chakula cha nguruwe na chakula cha kuku ndo cha kwanza. Cha nguruwe wadogo ndo kibaya zaidi. Cha kuku kina shaba pungufu ya hicho lakini bado hakikutengenezwa kwa ajili ya kondoo, na kondoo wakikaa banda moja na kuku wanamaliza kile cha kuku kabla ya kuku wenyewe.

Madini ya ng'ombe wa maziwa, ya unga au lile jiwe la kulamba. Hapa ndo wengi tunakamatika, maana mtu ana ng'ombe wawili, mbuzi watatu na kondoo watano zizi moja, ananunua jiwe moja la wote analitundika katikati. Mbuzi na ng'ombe wanalihitaji hilo jiwe lenye shaba, kondoo linamlimbikizia. Sio kosa la jiwe, limetengenezwa vizuri kwa mnyama wake.

Kinyesi cha kuku kilichokaushwa. Kuna watu wanachanganya kwenye pumba kwa ajili ya protini, na ng'ombe anakubali. Lakini kuku wa nyama wakiwa wamelishwa chakula kilichoongezwa shaba, sehemu kubwa ya shaba hiyo inatoka na kinyesi, na wewe unampa kondoo. Kwa kondoo acha kabisa, mi nasema hivyo bila kuzunguka.

Kahawa. Hili ni la kwetu Kilimanjaro, Arusha, Mbinga, Mbozi, na wenzetu wa Kiambu, Nyeri na Kirinyaga pia. Chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, na kutu ya majani tunazuia kwa dawa za shaba, ukianzia na ule mrututu wa bluu (copper sulphate) wa enzi za babu zetu mpaka hizi za unga za siku hizi, na msimu mmoja shamba linapigwa mara kadhaa. Dawa inadondoka kwenye majani ya chini, inabaki kwenye udongo, na shaba ikishaingia kwenye udongo haiozi wala haiondoki, inaongezeka mwaka hadi mwaka. Sasa sisi kihamba ni kimoja, juu migomba, chini kahawa, chini zaidi magugu, na magugu hayo ndo mama anayafyeka jioni anawapelekea kondoo bandani. Nyasi za chini ya kahawa inayopigwa dawa ya shaba wape ng'ombe, au tandika chini ya migomba kama matandazo, kondoo mtafutie nyasi za pembeni ya mfereji au za porini. Vivyo hivyo na magugu ya shamba la nyanya, huko nako dawa za shaba zinapigwa sana.

Mrututu wa kuoshea kwato. Maji ya mrututu asilimia 5 yanatibu kwato zilizooza, ni kweli, lakini kondoo mwenye kiu anayanywa, au anatoka humo anasimama kwenye majani, yanadondoka, kesho anayala. Zipo zinki salfeti, asilimia 10, zinafanya kazi ile ile kwenye kwato. Ukilazimika kutumia mrututu wanyweshe maji kwanza, wakitoka wasimame kwenye sakafu kavu mpaka kwato zikauke, na maji yaliyobaki yamwage kwenye shimo, sio kwenye malisho.

Mashudu ya mise kwa wenzetu wa Kigoma: mbegu ya mchikichi ina shaba ya asili nyingi kuliko mashudu ya alizeti au pamba, na Malaysia ambako wanayo kwa wingi kondoo wamekufa kwa kulishwa hayo kwa wingi bila kuchanganya na kitu kingine.

Na mwisho mimea inayoharibu ini. Kuna magugu ya jamii ya Senecio na Heliotropium yana sumu inayoua chembe za ini polepole, na ini lililojeruhiwa hivyo linashika shaba kuliko kawaida hata kama chakula chako hakina makosa. Malisho yakikauka na magugu hayo ndo yamebaki ya kijani, hamisha kundi.

HATUA YA 3: Soma lebo, alafu piga hesabu

Lebo ya gunia inashonwa juu, watu wengi wanaitupa na uzi. Usitupe. Tafuta neno Copper au herufi Cu. Ikiwa haipo kabisa kwenye lebo haimaanishi shaba haimo, inamaanisha hujui, na gunia ambalo hujui usimpe kondoo.

Mambo matatu ya kuangalia. Moja, miligramu kwa kilo na ppm ni kitu kimoja, 150 ppm ni miligramu 150 kwa kila kilo. Mbili, wengine wanaandika kwa asilimia, asilimia 0.15 inaonekana kama si kitu lakini hiyo ni miligramu 1,500 kwa kilo. Tatu, angalia wameandika shaba yenyewe au mrututu. Mrututu una shaba kama asilimia 25 tu, kwahiyo ikiandikwa copper sulphate miligramu 4,000 ujue shaba humo ni kama 1,000.

Sasa hesabu, naitumia ya kwangu. Kondoo wa kilo 40 anakula kama kilo 1.4 za chakula kikavu kwa siku. Mimi nilikuwa nampa nyasi ambazo zikikaushwa ni kilo 1, tuseme zina miligramu 5, hapo ameingiza 5. Alafu gramu 400 za chakula cha nguruwe wadogo, lebo inasema 150 kwa kilo, 150 mara 0.4 ni 60. Jumla 65 kwa siku. Gawanya kwa kilo 1.4 za chakula chote, unapata miligramu 46 kwa kilo. Ulaya sheria yao inasema chakula kizima cha kondoo kisizidi 15, cha mbuzi 35, cha ng'ombe wanaocheua 30, na cha nguruwe wadogo kwenye wiki za kwanza baada ya kuachishwa kunyonya mpaka 150. Mimi nilikuwa mara tatu ya mpaka wa kondoo, kila siku, miezi minne.

Mfano wa pili ni wa madini peke yake, maana huu ndo unaodanganya zaidi. Nyasi kilo 1.4 zenye miligramu 6 kwa kilo zinaleta 8.4. Madini ya ng'ombe yenye 1,500 kwa kilo, kondoo akilamba gramu 10 tu, ambayo ni kama kijiko cha chai mara mbili, anaongeza 15. Jumla 23.4, gawa kwa 1.4, unapata karibu 17. Umevuka 15 kwa vijiko viwili vya chai, na hujampa kitu kingine chochote.

Wanakondoo wanaonyonya ni habari nyingine kabisa. Tumbo la kucheua likiwa bado halijaanza kazi mwili unanyonya sehemu kubwa mno ya shaba inayomezwa, wakati mkubwa hafikishi hata sehemu moja ya kumi. Kwahiyo zile pumba za kuwaanzishia watoto ndo za kuchunga kuliko zote, usiseme ni kidogo tu.

HATUA YA 4: Tengeneza utaratibu wa kondoo peke yake

Nunua madini yaliyoandikwa wazi kuwa ni ya kondoo. Yasipopatikana dukani kwako, chumvi ya kawaida ya mawe inatosha kwa muda huku ukimuuliza afisa mifugo wa kata kuhusu udongo wa eneo lenu, maana yapo maeneo ya Bonde la Ufa yenye upungufu wa shaba na huko kumnyima kabisa nako ni kumdhuru. Bonde la Ufa hili hili upande wa Kenya lilishawahi kutoa ugonjwa ulioitwa Nakuruitis, ng'ombe wanakonda wanaisha kwa kukosa kobalti kwenye majani, kwahiyo madini yana pande mbili na eneo lako ndo linaamua.

Kama zizi ni la mchanganyiko, jiwe la ng'ombe litundike juu usawa wa kidevu cha ng'ombe, kondoo asifike hata akisimamia miguu ya nyuma. Mbuzi watolee jiwe lao wakati wa kufunga jioni, wakiwa chumba chao. Chakula cha nguruwe na cha kuku kihifadhi stoo nyingine au kwenye pipa lenye mfuniko. Ukituma mtoto akalishe, usimwambie chukua kwenye gunia, mwonyeshe gunia. Mi nimepaka gunia la kondoo rangi nyekundu ubavuni.

HATUA YA 5: Jifunze kutofautisha

Siku kondoo akikojoa wekundu usikimbilie jibu moja. Kupe wanaweza kuleta mkojo wa damu, hapo mara nyingi joto la mwili liko juu na kupe wenyewe utawaona, na daktari akichukua tone la damu sikioni akalitazama kwenye hadubini anaona. Homa ya mgunda (leptospirosis), ile iliyosumbua watu Lindi mwaka 2022, nayo inaleta mkojo mwekundu na umanjano kwa wanyama, na inaingia kwa binadamu kupitia mkojo huo huo, kwahiyo vaa glavu kabla ya kushika chochote. Ndigana baridi, ambayo nayo inaenezwa na kupe, inaleta weupe wa ufizi na umanjano lakini mkojo haubadiliki rangi. Minyoo inaleta weupe wa kope bila njano.

Wa shaba ukimfunua kope la chini unakuta weupe uliochanganyika na njano, kama karatasi ya zamani. Amejitenga, kichwa chini, hali, ila anataka maji sana, anahema haraka hata akiwa kivulini. Mkojo wake mimi niliuona kwenye sakafu ya saruji, ulikuwa rangi ya juisi ya rozela iliyokolea, ukikauka unaacha ukingo wa kahawia. Kawaida anaumwa mmoja au wawili tu kwenye kundi, wengine wazima kabisa, na hilo ndo linawafanya watu wasifikirie chakula, wanasema mbona wote wamekula. Wote wamekula na wote wamebeba. Huyo mmoja ndo kibubu chake kimevunjika kwanza.

HATUA YA 6: Imeshatokea, fanya hivi

Simamisha chakula chote cha gunia na madini yote saa hiyo hiyo, kwa kundi zima, sio kwa mgonjwa tu. Wabaki na nyasi safi na maji. Mgonjwa usimtembeze, usimpakie kwenye gari kumpeleka kokote, mwite daktari aje yeye, maana kila msukosuko unamwaga shaba nyingine. Hao wazima nao usiwakimbize kuwaogesha kama nilivyofanya mimi, ile siku ya kuogesha nawaza ni Mungu tu hawakuanguka zaidi.

Niseme ukweli, aliyefika hatua ya mkojo mwekundu zaidi ya robo tatu wanakufa hata wakitibiwa. Ipo dawa inayofunga shaba iliyoko mwilini, tetrathiomolibdeti, inachomwa kila baada ya siku moja mara tatu, ila huku kwetu kuipata ni shida. Tiba inayookoa ni ya wale ambao bado hawajaumwa: daktari anaweza kuwapangia amoniamu molibdeti miligramu 50 hadi 500 kwa kila kondoo kwa siku pamoja na thiosulfati ya sodiamu kama gramu 0.3 hadi 1, inachanganywa kwenye chakula, mpaka wiki tatu. Usijipimie mwenyewe. Molibdenamu ikizidi nayo inaondoa shaba yote mpaka unaangukia upande wa pili, wanakondoo wanazaliwa wanayumba.

HATUA YA 7: Akifa, kupasua na sampuli

Kabla ya kisu angalia kwanza. Ukiona amekufa ghafla, tumbo limejaa haraka, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani, mdomoni au nyuma, na mwili haukakamai, hicho kinaweza kuwa kimeta. USIPASUE, usichune, usisogeze, piga simu kwa afisa mifugo.

Kama dalili hizo hamna, daktari apasue wewe ukiangalia, maana ukishaona mara moja hutasahau. Mafuta ya chini ya ngozi yalikuwa ya njano. Ini lilikuwa limevimba, rangi ya njano inayoelekea udongo, daktari akaligusa kwa kidole gumba likavunjika kama muhogo uliochemka sana. Bandama kubwa, jeusi, ndani laini kama jamu. Alafu figo. Alizichomoa kwenye mafuta yake akaziweka juu ya jani la mgomba, zilikuwa nyeusi zenye ubluu, zinang'aa kama mtutu wa bunduki. Figo ya kondoo niliyoizoea ni ya kahawia nyekundu, nilikaa naziangalia zile mpaka nzi wakaanza kutua. Kibofu kilikuwa kimejaa ile rozela.

Sampuli ni kipande cha ini na kipande cha figo, vyote viwili, kila kimoja kwenye mfuko wake, kwenye barafu. Vipande vingine vyembamba visivyozidi sentimita moja viwekwe kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Peleka maabara ya veterinari, TVLA (wakala wa maabara za mifugo Tanzania) wana vituo vya kanda, SUA, kile chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro wapo, Kenya ipo maabara ya Kabete, ila piga simu kwanza uulize kama wanapima shaba kwenye ini au wanatuma mbele. Ini likisoma zaidi ya miligramu 150 kwa kilo ya ini bichi, na figo zaidi ya 15, jibu ndo hilo.

Usipime damu peke yake ukaridhika. Shaba kwenye damu inabaki ya kawaida miezi yote ya kulimbikiza, inapanda ghafla kwa siku moja au mbili tu kibubu kikivunjika. Kinachotangulia ni vimeng'enya vya ini, AST na GGT, hivyo vinaweza kupanda wiki kadhaa kabla, kwahiyo kwa waliobaki muombe daktari apime hivyo.

Mzoga usiliwe. Najua kondoo ni hela na majirani watasema nyama haina kosa, lakini ini na figo hizo zimejaa shaba, na mnyama aliyekufa mwenyewe haliwi. Chimba shimo refu mbwa wasifukue.

KUHUSU MADINI MENGINE

Shaba nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndo inayoua kondoo wengi, lakini kuna mengine kwenye magunia hayo hayo. Zinki ikizidi miligramu 300 kwa kilo ya chakula inaanza kuwa tatizo, na kiungo chake ni kongosho, pamoja na figo. Seleniamu inahitajika chini ya nusu miligramu kwa kilo na ikizidi sana kwa mara moja, hasa kwa sindano iliyokosewa kipimo, inapiga moyo na mapafu, mnyama anakufa anatoa povu. Ikizidi polepole ndo unaona manyoya yanadondoka na kwato zinapasuka. Chuma zaidi ya 500 kwa kilo inachosha ini, na udongo mwekundu unaoingia na nyasi za kufyeka chini kabisa una chuma nyingi, kwahiyo kung'uta nyasi zako. Floraidi ya maji ya upande wa Arusha na Meru inakaa zaidi kwenye meno na mifupa.

HATUA YA 8: Waliobaki, miezi inayofuata

Hapa ndo watu wanalegea. Umebadilisha chakula, wiki mbili zimepita, hamna aliyekufa, unasema yameisha. Ini la kondoo halimalizi mzigo kwa wiki mbili, vifo vinaweza kuendelea kwa miezi kadhaa baada ya chakula kurekebishwa. Kwa muda huo usisafirishe, usinyoe, usiachishe watoto kwa mkupuo, mwenye mimba mtenge na umpe nyasi nzuri asipite hata siku moja na njaa. Kila asubuhi funua kope za wawili watatu, kwa zamu, mpaka wote wapitiwe kwa wiki.

Kwangu jike mmoja alienda wiki ya sita, siku mbili baada ya kuzaa, uchungu wenyewe ndo ulimvunja. Mwanakondoo tulimlea kwa chupa na maziwa ya ng'ombe wa mama, sasa hivi anatembea na kundi. Wale saba waliobaki wapo, vimeng'enya vilishuka mwezi wa tano tangu niache lile gunia, na lebo yake, ile iliyoandikwa 150, nimeipigilia msumari kwenye mlango wa stoo usawa wa macho.